Mate ya Guka Hayapiti kwa Simu

Kamau, baba yangu,

Umeenda Ruiru kwa dada yako Wambui kuchukua sanduku, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia mlango wa jirani ukijifunga wenyewe. Jua la jioni limeingia bila kubisha, limepita juu ya vitambaa vya wateja, na sasa limelala kwenye shati lako hapa mezani. Nimelitazama kwa muda mrefu bila kushona chochote. Unanijua, saa kama hizi huwa nasinzia na macho wazi, na ukiniuliza nawaza nini nasema siwazi kitu.

Leo nawaza, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ningekuandikia kwa simu, lakini ungenijibu kwa kile kidole gumba chako cha manjano, na haya ninayotaka kusema hayajibiwi kwa kidole gumba.

Habari za sweta nzito, pasipoti na nakala za vyeti, Wambui ameshakuimbia wiki nzima na sina la kuongeza. Sitakukumbusha kula. Tangu nikuzae sijawahi kuona chakula kikikushinda.

Langu ni la jana. Tulikuwa tunakunja nguo zako, nikakuuliza utaenda lini Murera kumuaga Guka, babu yako. Ukanijibu bila hata kuinua macho, "Mathe, time imeisha. Nitampigia video tukiwa njiani hapo bypass. Si tutaonana tu?"

Nilienda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu. Usidhani nilikukasirikia. Nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea kwa mdomo wako. Hilo neno "tutaonana" nimelitumia miaka yote hii kwa babangu mzazi, na ninajua lilichonigharimu. Kesho unakwenda Ujerumani kujifunza kuuguza wazee wa watu. Guka wako ni mzee sana sasa, na mimi sioni kama mtakutana tena hapa duniani. Nataka uende kwake kesho asubuhi kwa miguu yako, umpe kifua chako akibariki, ndipo tuelekee uwanja wa ndege. Sikulazimishi, wewe ni mtu mzima mwenye ndevu saba. Ila nisikilize kwanza, kisha uamue.

Huko uendako watashangaa wakisikia mama anamwita mwanawe baba. Waambie kaka yako alichukua jina la upande wa marehemu baba yenu, wewe ukachukua la babangu, na mwanamke akishamzaa babake hawezi tena kumwita hivi hivi tu. Siku uliyozaliwa Guka alitoka Murera na koti lake la kanisani. Akakufunua blanketi, akakutazama kwa makini kama mtu anayenunua ndama, akasema, "Kumbe nilikuwa mdogo hivi?" Halafu akatema mate kidogo kifuani mwako, tfu, tfu, mepesi hata hayakulowesha ngozi, akakutakia maisha marefu na miguu isiyopotea njia. Nesi alikunja uso. Mimi nilicheka hadi nikaumwa na nyuzi nilizoshonwa. Wakati huo mate ya mzee yalikuwa baraka, na hakuna aliyeyaita jina lingine. Padri alikuwa na maji yake, Guka na mate yake, na Jumapili walisalimiana vizuri mlangoni mwa kanisa.

Kisha ikaja korona.

Unaikumbuka kama likizo ndefu, kwa sababu shule zilifungwa na ulikuwa unalala mpaka saa nne. Mimi naikumbuka kama kitambaa. Mtaa wetu wote wa Makongeni ulitaka barakoa, na cherehani hii ilishona hadi mkanda ukakatika. Watu walikuja kupimwa nyuso, wakakohoa juu ya meza hii hii, wakalipa, wakaenda. Jioni nilikuwa nanawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Hakuna polisi aliyenizuia kwenda Murera. Nilijizuia mwenyewe. Nilikuwa naota mchana kweupe kwamba nimeingia boma la babangu, na kila ninachogusa, ndoo, mlango, ng'ombe, kinabaki na alama ya mkono wangu.

Wewe ndiye uliyesema tumpe Guka simu ya kisasa. Ulienda na baiskeli ukaiweka juu ya nguzo ya lango, ukarudi nyuma, ukamfundisha kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Guka, finya kijani! Hapana, hiyo ni nyekundu! Umenikata tena!" Majirani wa Murera walidhani mnagombania shamba.

Mwezi mzima tuliongea na sikio. Alikuwa akisikia video imeita anaiweka shavuni kama simu ya zamani, na sisi huku tunaona sikio la mzee limejaa kioo chote. Mlikuwa mnacheka, wewe na Wambui. Mimi nilikuwa nalitazama. Lina lile tundu la ujana wake, limezibika nusu, na nywele nyeupe zimeota pembeni. Sikuwahi kuliona sikio la babangu karibu hivyo hata nilipokuwa mtoto, kwa sababu mtoto wa wakati wetu hakumsogelea babake. Usicheke tena, lakini nilitamani asijue kamwe jinsi ya kuishika.

Alijua. Mke wa mjomba wako, anayempikia, alimwonyesha kuegemeza simu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na tangu hapo Guka akawa mtu wa mtandao. Misa ya kwa simu aliihudhuria amesimama, na padri aliposema tukae, alikaa. Nikimpigia, lazima kwanza avae koti. Ananiuliza nimekula, anageuza simu nimwone ng'ombe, anamsahau ng'ombe akaonyesha paa kwa dakika nyingi. Na mwisho wa kila simu ananibariki. Anasogeza kioo karibu na mdomo, tfu, tfu, kisha anakipangusa kwa mkono wa koti, na mimi naona dunia yake yote imefanywa ukungu, halafu uso wake unarudi polepole.

Mlizoea kuliona hilo kama kichekesho cha familia. Sasa nikuambie kwa nini mimi sikucheka.

Serikali ilipolegeza mambo, siku ya kwanza kabisa nilifunga kazi nikaenda Murera na unga, sukari na barakoa mbili usoni. Guka alikuwa amekaa nje. Aliinuka akaja hadi nilipo, hakuogopa kitu. Akasema, "Lete mikono, mama." Nikampa. Akatema mate kidogo viganjani mwangu kama alivyofanya nilipoolewa, na nilipofiwa, na nilipopata mashine hii. Na mimi, Kamau, kabla hajamaliza maneno yake, mkono wangu ulikuwa umeingia mfukoni wenyewe. Nikatoa kile kichupa cha sanitaiza. Nikapaka mikono mbele yake, nikisugua hadi katikati ya vidole, vile tulivyofundishwa.

Sikukusudia. Mikono ilikuwa imezoea. Miezi yote ile nilikuwa nasugua baada ya kila mteja bila kufikiri, kama vile mtu anavyofunga mlango akitoka.

Alitazama kichupa. Akauliza, "Ni dawa?"

"Ni dawa, Baba."

"Sawa. Dawa ni muhimu siku hizi." Akageuka kwenda kufunga ndama ambaye alikuwa tayari amefungwa.

Nilirudi Makongeni nikijiambia hakuona ubaya. Tukapigiana simu Jumapili iliyofuata, akavaa koti, akanibariki kwenye kioo, nikasema unaona, yamekwisha. Kumbe hayakuisha. Korona ikaondoka, watu wakarudi kukumbatiana makanisani na kulambana vidole kwenye nyama choma, na babangu peke yake akabaki anasalimia kwa kiwiko. Unamwona, kila mtu akifika Murera Guka anatoa kiwiko. Wajukuu wanacheka, wanamwambia, "Guka, hiyo stori iliisha kitambo!" Naye anacheka nao, na kiwiko bado amekitoa. Harusi ya Wambui alimbariki kwa maneno matupu, amesimama mbali kidogo, mikono nyuma. Wewe ulidhani ni uzee. Mimi nilikuwa najua, na nilikula pilau ile bila kuionja.

Siku moja nilimuuliza kwa simu, kwa sababu kwa simu mtu hupata ujasiri wa bure. Nikamwambia, "Baba, mbona siku hizi unanibariki tu huku? Nikija huko hunipi mikono?"

Akafikiri. Nyuma yake jogoo akapita. Akasema, "Hapa ni salama, mama. Hapa haina ugonjwa."

Nilitaka kumjibu. Mtandao ukakwama hapo hapo, uso wake ukasimama, mdomo wazi nusu, jicho moja limefumba. Kwa kawaida ikikwama nafinya finya hadi irudi. Siku hiyo nilimwacha. Nilikaa nikimtazama babangu aliyesimama ndani ya kioo, makunyanzi yake yote, ukosi wa koti uliogeuka ndani ambao mimi fundi nilikuwa sijawahi kuuona, na kwa muda nikasahau kama ni yeye au ni picha yake ya matangazo ya kifo. Nilipokumbuka ni video, nilikuwa nimeshanyoosha viganja vyangu mbele ya simu kama mtoto anayekinga mvua. Vilikuwa vikavu, bila shaka. Kioo kikazimika.

Hilo ndilo kosa langu, na ningependa kukuambia nililirekebisha. Sikulirekebisha. Ningeenda siku ya pili yake nikamwambia nisamehe, Baba, nibariki. Badala yake niliona haya, nikapiga simu. Nikawa naenda Murera mara chache na kupiga mara nyingi, na kanisani wakiniuliza habari za mzee nasema, "Tumeonana jana, yuko sawa." Tulikuwa tumeonana kweli. Simu hiyo sijaja kuisema vibaya. Imenipa sauti ya babangu kila siku, inammulikia njia ya choo usiku, imemwonyesha ng'ombe wa Uholanzi akawacheka kwa unene. Bila hiyo tungepotezana kabisa wakati ule. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimekaa huku na fimbo yangu ndefu nikiipunga tu.

Juzi mchana nilisinzia hapa kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Nikaota nakupigia video Ujerumani. Ukapokea, lakini ulikuwa umevaa koti la Guka, na nyuma yako kulikuwa na theluji na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ukaniambia, "Hapa ni salama, mama." Nikakuuliza wewe ni Kamau yupi. Ukatoa kiwiko. Niliamka nikakuta nimejishonea mkono wa gauni la mteja kwenye sketi yangu, na nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo. Mteja hatajua, nimefumua vizuri.

Ndiyo maana naogopa ile simu yako ya bypass. Itakuwa nzuri, najua. Guka atavaa koti, wewe utampungia mkono ukiwa ndani ya gari, Wambui atashika usukani akipiga kelele asikike, kila mtu atasema tumeagana. Na Guka atasogeza kioo mdomoni, atakibariki, atakipangusa. Utafika Ujerumani na kifua kikavu. Na mimi nitakuwa nimemwibia babangu jambo la mwisho alilokuwa nalo la kumpa mtu mwenye jina lake.

Najua utaniuliza, "Sasa mathe, si uende ukamwombe msamaha wewe mwenyewe?" Una haki ya kuuliza. Nimejaribu. Nimefika pale langoni, na kiwiko kinatoka kabla sijafungua mdomo. Mimi siwezi kumwambia kwamba mate yake hayana ugonjwa, kwa sababu ni mimi niliyemwambia yanao. Wewe unaweza. Wewe hujawahi kujipangusa baraka yake. Ulipokuwa mchanga nesi alileta pamba, nami nikamkatalia, nikasema yaache yakauke yenyewe.

Na kuna jambo moja la kazi yako, halafu ninyamaze. Huko watakuvalisha glavu, na uzivae, usilete ujuaji wa Makongeni. Utanawa mikono kuliko nilivyonawa mimi. Lakini atakuwepo mzee mmoja, sijui jina lake, atakayekushika mkono ghafla au kukupa kipande cha mkate alichokiuma. Mtazame uso kwanza. Sanitaiza itakungoja, haina miguu. Mpe muda ageukie upande mwingine, ndipo usugue. Ni muda mdogo sana. Ningeupata huo tu siku ile, nisingekuwa naandika karatasi zote hizi.

Na mimi nikikupigia, usiniamini sana. Utaniona nimekaa mbele ya pazia jipya, nimefunga kilemba, nasema niko sawa. Niambie nigeuze simu. Niambie nikuonyeshe sufuria, magoti yangu, kitanda nilichokosa kutandika. Nitakugombeza, nitakuuliza umekuwa askari lini. Wewe niambie tena. Babangu alinionyesha paa la nyumba yake mara nyingi kwa bahati mbaya, na ni kwa bahati mbaya hiyo nilijua linavuja.

Jua limetoka kwenye shati lako, limepanda ukutani. Nasikia watoto wakiitwa kuoga. Hivi punde utaingia na hilo sanduku, utasema una njaa, na mimi nitajifanya nilikuwa nashona. Barua hii utaikuta ndani ya kiatu chako cha safari, kwa sababu huko ndiko najua utaangalia.

Nimempigia Wambui, gari itakuwa tayari kesho tangu asubuhi ukitaka. Guka sijamwambia kitu. Usipokwenda, hatajua kwamba ulikuwa uje, wala kwamba aliachwa, na mimi sitakutajia tena habari hii hata siku moja. Nakuahidi kwa jina lako.

Lakini ukienda, usivae ile fulana nyeusi unayoipenda. Vaa shati hili. Nimelishona la vifungo kuanzia shingoni, na cha juu nimekilegeza kifunguke kwa kidole kimoja. Guka atatoa kiwiko. Usikiguse. Simama karibu kabisa, ufungue kifua, umwambie, "Guka, nimekuja kuchukua yangu." Halafu ungoje. Atasita. Atakutazama, na pengine atanitazama mimi.

Nitakuwa hapo nyuma yako. Kichupa nitakiacha hapa mezani, na nitakuwa nimekinga mikono yote miwili.

Mimi mama yako, binti ya Kamau.